Sahani ya Maua

Barua ya Bibi Prydderch ilikuja Jumanne,
ya mkono, herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua:
mjukuu wake ametimiza miaka saba,
miguu yake sasa inafika kwenye vikuku,
na kwa hiyo, kwa masikitiko, na kwa shukrani nyingi,
angependa kurudishiwa Eirin mwisho wa mwezi.

Niliisoma nimesimama jikoni, koti la kazi bado mwilini,
usiku kucha nimegeuza wazee wa watu vitandani.
Nikaikunja, nikaiweka chini ya kopo la majani ya chai.
Siku tatu tulikunywa chai juu ya habari hiyo.

Nani wa kulaumu? Tuliambiwa tangu mwanzo.
Nilitia sahihi mwenyewe, juu ya boneti ya gari,
kalamu ikigoma kwa baridi:
malisho, kwato na daktari juu yetu;
mnyama, wake.
Mama yangu angesema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Lakini mama hakumwona Khelef,
aliyekaa mwaka mzima shuleni Llanidloes bila kutoa neno
(mji ambao hata mimi jina lake nalipitia mbali),
hakumwona amesimama kwenye tope
akimhadithia poni habari za darasani, kwa Kiswahili,
na sikio moja la kijivu limemwelekea
kama mlango ulioegeshwa.

Nilipowaambia, Wahida hakulia. Aliuliza bei.
Akaleta kopo lake: pauni thelathini na moja,
na sarafu ya shilingi mia mbili, ya nyumbani, ya kuongezea.
Khelef alificha hatamu ndani ya mashine ya kufulia.
Nikaifua bila kujua, pamoja na sare zangu,
zikatoka zote na harufu ya zizi.
Kazini, mzee mmoja asiyekumbuka jina la mkewe
alinishika mkono, akaunusa,
akasema: Unafuga.

Nikasema: Ndiyo. Mpaka Jumamosi.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu.
Bakuli likija na futari, litarudi na kitu,
hata ndimu mbili, hata chumvi.
Basi tukakaa mezani watu watatu
kutafuta farasi anarudishwa na nini ndani.

Wahida alimsuka singa za shingo, twende kilioni,
mtindo wa haraka, wa watu wenye msiba,
vidole vikimganda, hataki glavu.
Mimi nilipika mkate wa kumimina, nikaupanga kwenye sahani ya maua.
Khelef aliandika karatasi, Kiingereza chake cha kwanza kirefu:
*Haogopi trekta. Anaogopa mwavuli.
Ukimpigia mluzi haji. Ukimpa mgongo anakuja.
Usimwambie siri karibu na lango, upepo unazichukua.*

Tulitaka agome. Nakiri, hata mimi.
Nilitaka akite miguu kwenye lile bao la trela,
atufedheheshe sote kwa mapenzi.
Kulikuwa na majani makavu mle ndani.
Alipanda kama mtu anayeingia chumbani kwake,
akaanza kutafuna, kishindo cha meno tu,
suko la mwisho tayari limefumuka.

Ndani ya gari, yule mtoto na kofia yake mpya
alikuwa anatazama magoti yake.
Khelef alimgongea kioo. Akampa karatasi.
Akampa mgongo, akasimama hivyo,
bila kugeuka, mvua ikimnyeshea,
hata trela lilipokwisha kukata kona.

Malisho tumeyarudisha kwa mwenyewe. Ndoo ninaitumia kudekia.
Sahani ya maua bado iko kwa Bibi Prydderch.
Kabatini nina nyingine kumi na moja,
lakini kila Jumamosi, nikitoka kazini,
nawakuta wamevaa mabuti, wamekaa ngazini,
wananiambia hatuna sahani.